Ndui ilikwisha, lakini chanjo yake ingali na kazi

Tangu mpox ianze kusemwa kila siku kwenye redio, kuna swali moja linarudi katika mikutano: "Ndui ilishaisha zamani, sasa chanjo ya ndui ni ya nini?" Swali hili ni la haki, na jibu lake linagusa afya ya nyumba zenu na kazi ya mashamba yenu.

Ndugu wa jamaa moja

Ndui na mpox (ile wengi wanaita varioli ya nyani) zinaletwa na virusi vya jamaa moja. Virusi vya ndui ya ng'ombe navyo ni vya jamaa hiyo. Vinafanana sana kwa umbo la nje. Mwili ukisha kufundishwa kutambua kimoja, unawatambua na ndugu zake. Ni sawa na mbwa wa shamba: akishajua harufu ya mbweha mmoja, hangoji kujulishwa kwa kila mbweha.

Wafugaji ndio waliona jambo hili kwanza. Kule Uingereza, watu walisema kwamba wasichana wakamua maziwa walioshikwa na ndui ya ng'ombe hawakushikwa na ndui ya watu. Mwaka 1796 daktari Edward Jenner alijaribu jambo hilo kwa mtoto mmoja, naye akalindwa. Neno la Kifaransa "vaksini" linatoka kwa neno la Kilatini la ng'ombe.

Kwa chanjo ya namna hiyo dunia ilimaliza ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977. Mwezi wa 5 mwaka 1980, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha, na chanjo ya watu wote ikasimamishwa.

Inchi yetu ilionyesha nini

Mpox ilitambuliwa kwa mtu mara ya kwanza hapa Kongo, mwaka 1970, huko Basankusu katika Équateur. Alikuwa mtoto wa miezi 9, na hakuwa amechanjwa ndui. Miaka ya 1980 watafiti walifuata jamaa nyingi za wagonjwa hapa inchini. Wakaona kwamba chanjo ya ndui ilipunguza hatari ya mpox kwa karibu 85 kwa 100.

Kisha miaka ikapita bila chanjo. Watafiti walipohesabu wagonjwa wa Sankuru kati ya mwaka 2005 na 2007, mpox ilikuwa imeongezeka karibu mara 20 kuliko miaka ya 1980. Wazee waliochanjwa zamani walikuwa na hatari ndogo mara 5 kuliko wale wasiochanjwa.

Basi muhesabu katika koperative yenu: kila mtu aliyezaliwa kisha mwaka 1980 hana ulinzi ule. Hao ndio wazazi wa leo, wanaolima, wanaobeba mahindi na mboga kwenda soko, na watoto wao wote. Na musidanganywe na kovu la mkono: chanjo ya kifua kikuu inayopewa watoto wachanga nayo inaacha kovu.

Kwa nini Lualaba iangalie

Aina mpya ya mpox, inayoambukiza mtu kwa mtu kwa urahisi, ilianza kuonekana mwaka 2023 huko Kamituga, Kivu ya Kusini, muji wa wachimbaji wa dhahabu. Kolwezi nayo ni muji wa migodi: wakrezeri wanaingia na kutoka, malori yanalala njiani, watu wanapanga chumba kimoja wengi. Sisi wakulima tunauza huko kila juma. Ugonjwa unapita kwa kugusana ngozi, kwa ngono, kwa nguo na matandiko ya mgonjwa, na pia kwa kushika au kupasua nyama ya pori.

Chanjo za leo

Chanjo ya kwanza ya mpox ilifika Kinshasa tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2024, na kazi ya kuchanja ikaanza Goma mwezi uliofuata. Inaitwa MVA-BN, na ilitengenezwa kwanza kwa kupigana na ndui. Kirusi chake hakiwezi kuzaana ndani ya mwili wa mtu. Inapigwa shindano mbili, ya pili kisha juma 4. Japani ina nyingine, LC16, ambayo inaweza kupewa hata watoto wadogo. Mama mwenye mimba, ao mtu mwenye ugonjwa unaopunguza nguvu ya mwili, amwambie muganga mbele ya kuchanjwa, ili apewe ile inayomfaa.

Chanjo hizi si za mbuzi wala ng'ombe. Mbuzi ana ndui yake, yenye chanjo yake, muulize veterineri. Na tetekuwanga ya watoto si ndugu wa ndui hata kidogo. Chanjo ya ndui haiizuii.

Koperative inaweza kufanya nini

- Mtu akipata homa, tezi kuvimba, na vipele usoni, viganjani, chini ya miguu ao sehemu za siri, apelekwe upesi kituo cha afya, na reko wa kijiji ajulishwe.
- Mgonjwa alale peke yake mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itoke. Mara nyingi ni juma 2 mpaka 4.
- Wengi wanaficha ugonjwa kwa sababu ya shamba na deni. Mupange salongo kwa kupalilia shamba la mgonjwa, na mumungojee katika likelemba. Mtu akijua shamba lake halitaharibika, hatakuja soko na vidonda chini ya nguo.
- Muulize zone ya afya kama chanjo iko, na ni nani anaanza. Aliyemgusa mgonjwa aulize siku ileile: chanjo inasaidia zaidi ikipewa ndani ya siku 4.
- Hata mzee aliyechanjwa zamani asikatae: ulinzi wake unapungua na miaka.

Musome karatasi hii pamoja katika mkutano ujao, na muandike maswali yenu kwa kumuletea muganga.