Picha yako iko na jina?

Leo tuongee juu ya jambo ambalo karibu sisi wote tunalifanya kila siku: kupiga picha. Zamani mtu alivaa vizuri, akaenda ku studio, akalipa, akangoja. Leo studio iko mu mfuko. Lakini kati ya zile picha zote ziko mu simu yako, ni ngapi mtoto wako ataweza kuzielewa nyuma ya miaka 30?

Tusidharau picha ya mtu asiye fundi. Jean Depara, mzaliwa wa Angola, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Alipofika Léopoldville, kamera ikamwingiza mu baa na mu dansi za usiku, mpaka mwanamuziki Franco akamchukua kuwa mpiga picha wake. Leo mtu akitaka kujua namna vijana wa Kinshasa walivaa miaka ya 1950 na 1960, anaangalia picha za Depara.

Hapa kwetu Lubumbashi, Sammy Baloji alifanya kazi inayoitwa Mémoire, mwaka 2006. Alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, akaziunganisha na picha zake mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Wazee wetu wanasimama mbele ya mashine zenye kutu. Iliwezekana juu kuko mtu aliyetunza zile picha. Lakini mara nyingi picha za wakati wa ukoloni zinaandika jina la kampuni, haziandike jina la mfanyakazi. Uso uko, mtu amepotea. Sisi tusirudilie hiyo.

Tuanze na majengo. Mji wetu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Kanisa kuu la Petro na Paulo na matofali yake mekundu, kila mgeni analipiga picha, halitasahauliwa. Zinazopotea ni nyumba ndogo: zile za kambi za wafanyakazi, zenye baraza na mwembe mu kiwanja. Leo iko, kesho inabomolewa, mahali pake panaota ghorofa. Anza na hizo. Piga asubuhi ao jioni, juu jua la saa sita linafuta kila kitu. Rudi nyuma na ushike simu wima. Ukiielekeza juu, kuta zinaonekana kama zinaanguka. Piga nyumba nzima kwanza, kiisha mlango, dirisha, paa, na barabara yenyewe. Ila kambi za askari, uwanja wa ndege, madaraja na ofisi za serikali, usipige bila ruhusa. Simu inaweza kukamatwa, na wewe pamoja nayo.

Mimea nayo ina habari. Mu Katanga kuko ua dogo ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Linapenda udongo wenye shaba, udongo ambao mimea mingine mingi inakufa. Limesaidia watafiti kugundua mahali ambapo wazee wa zamani waliyeyusha shaba, mbele ya kampuni yoyote kufika. Kwa hiyo picha ya ua bila mahali ni pambo tu. Picha yenye mahali ni ushahidi. Piga ua, jani, shina na mmea mzima, weka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, na uandike udongo ulikuwa wa namna gani.

Halafu maisha ya kila siku. Mtu anayesukuma kinga yenye magunia ya makala, mama anayepima unga wa bukari ku soko ya Kenya, watoto wanaocheza ku mvua ya kwanza: hivyo ndivyo vitu ambavyo tunaona ni vya kawaida, basi hatuvipige. Lakini vya kawaida ndivyo vinabadilika wa kwanza. Tu, uombe ruhusa. Salimia kwanza, eleza unataka nini, na mtu akikataa, rudisha simu mu mfuko. Ukipiga, mwonyeshe, ukiweza, mtumie. Mama wa soko si kinyago, ni mwenye picha pamoja na wewe. Na mtoto, uliza mzazi.

Sasa jambo kubwa, kutunza. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa, na habari za tarehe na mahali zinatoka ndani yake. Ukitaka ifike mzima, itume kama dokima. Weka nakala ya pili mbali na simu, ku kompyuta ao ku diski, juu simu inaibiwa, inaanguka mu maji. Na kwa kila picha yenye maana, andika mambo manne: ni nini, ni wapi, ni lini, ni nani. Mfano: “Nyumba ya tate, kambi ya reli, Juni 2024, mbele ya kubomoa ukuta. Aliyesimama ni shangazi.” Mistari miwili inatosha.

Na kazi hii haihusu picha mpya tu. Siku ya posho hii, chukua album ya familia, kaa na mzee wa nyumba, ugeuze ukurasa kwa ukurasa. Huyu ni nani? Hapa ni wapi? Andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, pole pole, usikandamize. Picha itangoja miaka mingi mu sanduku. Mzee hatangoja, na akienda, majina yote anaenda nayo.