Muziki: Waandishi wakigawanyika kambi, Kasongo na Kabambare wanasikia nini?

Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, magazeti hayafiki kwa urahisi. Wakaaji hupata habari za muziki kwa redio na kwa simu. Ndiyo maana mtangazaji ana nguvu: wimbo anaousifu unapigwa, ule anaounyamazia vijana wengi hawaujui. Lakini anaposifu, anasema kwa ajili ya nani?

Kinshasa inalijua swali hilo tangu Desemba 1997, Wenge Musica BCBG ilipopasuka. JB Mpiana alibaki na jina la BCBG. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaanzisha Wenge Musica Maison Mère. Mpiana akatoa albamu Titanic mwaka 1998, Werrason akajibu na Solola Bien mwaka 1999. Mashabiki waligawanyika, na waandishi wa muziki nao wakagawanyika. Kwenye televisheni za binafsi, mchambuzi alijulikana kwanza kwa kambi yake, kisha kwa kazi yake.

Wakati huohuo nchi ilikuwa vitani. Mji wa Kindu ulianguka mikononi mwa waasi wa RCD Oktoba 1998. Kinshasa ilibishana nani mfalme wa muziki, huku wakaaji wengi wa Maniema wakitafuta pa kujificha.

Waandishi wa Uingereza pia waligombana. Katikati ya miaka ya 1980, gazeti la muziki NME la London liligawanyika: wengine walitetea bendi ndogo za gitaa, wengine hip hop ya Marekani. Mwaka 1986 gazeti lilitoa kaseti C86 yenye bendi 22 za gitaa. Lakini mwaka 1987 na 1988, waandishi wake walichagua albamu za Public Enemy kuwa bora za mwaka.

Tofauti ni kwamba London walibishana juu ya aina ya muziki: msomaji aliweza kusikiliza pande zote mbili na kuamua. Kinshasa ubishi ulihusu watu, na nyuma yake kuna coupage, ile bahasha anayopewa mwandishi ili aandike vizuri. Hapo msikilizaji hajui kama sifa imetoka moyoni au mfukoni.

Tarehe 30 Juni 2022, Mpiana na Werrason walipanda jukwaa moja kwenye Stade des Martyrs. Wanamuziki wanaweza kupatana. Bahasha inabaki.

Anayeumia zaidi ni kijana wa Kabambare anayerap kwa Kiswahili. Hana kambi Kinshasa, hana pesa ya bahasha. Kama redio ya kwake nayo inapiga anayelipa tu, wimbo wake utaishia kwenye simu za marafiki. Mtangazaji wa Kasongo hawezi kubadilisha Kinshasa, lakini anaweza kupiga wimbo huo kwanza, halafu awaachie wasikilizaji waseme kama ni mzuri au ni mbaya.