Nyama ya kopo Masasi: gharama ilikuwa njiani

Mfanyabiashara anayepandisha bidhaa Newala hahitaji kuambiwa kwamba bei ya kopo si ile aliyonunulia tu. Kuna nauli, kuna wapakiaji, kuna mzigo unaoharibika njiani. Vita Kuu ya Kwanza ilifundisha somo hilo hilo katika wilaya hizi, na waliolilipia hawakuwa wenye mali.

Mwaka 1917, majeshi ya Uingereza yaliyotokea bandari ya Lindi yaliyasukuma majeshi ya Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kuelekea Masasi na Newala. Chakula cha kawaida cha askari wa Kizungu vitani kilikuwa nyama ya ng'ombe ya kopo na biskuti ngumu. Kopo lilikuwa la wakia 12, yaani gramu 340, kipimo ambacho wenye maduka wanakifahamu hadi leo. Nyama nyingi ya aina hiyo ilitoka Amerika Kusini, na jina la Fray Bentos, mji wa Uruguay, lilizoeleka midomoni mwa askari.

Baharini meli moja ilibeba shehena kubwa. Matatizo yalianza nchi kavu. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na mvua ziliharibu njia za magari. Mzigo ukahamia vichwani mwa watu.

Hesabu ya mzigo

Tupige hesabu ya dukani. Kutoka Lindi hadi Masasi ni kama kilomita 140. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 na kutembea kilomita 20 kwa siku. Atatumia siku 7 kwenda na siku 7 kurudi. Akila kilo moja kwa siku kutoka ghala hilo hilo la jeshi, kilo 14 zimekwisha. Zinabaki kilo 11, sawa na makopo 32, bila kuhesabu uzito wa bati. Zaidi ya nusu ya mzigo imeliwa na safari.

Pa kubana matumizi palikuwa tumboni mwa mpagazi. Kopo alilibeba lakini halikuwa lake. Posho yake ilikuwa unga wa mahindi, mchele au maharage, mara nyingi pungufu na isiyoiva vizuri. Kuhara na malaria viliua wengi kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, na wapo wanahistoria wanaokadiria mara mbili ya idadi hiyo.

Ghala bila maji

Newala ilikwishatoa funzo jingine mwaka mmoja kabla. Oktoba 1916 Wareno walivuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma na kuiteka boma ya Newala. Lakini juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Maji yako chini ya mteremko. Wajerumani walipoikamata njia ya maji, boma haikukalika, na mwishoni mwa Novemba Wareno walitoroka usiku. Chakula cha kopo chenye chumvi, pasipo maji, ni mtaji uliolala.

Wajerumani nao, bahari ikiwa imefungwa na manowari za Uingereza, waliishi kwa nafaka za wenyeji na akiba walizoteka. Novemba 1917 ndege-puto ya L59 ilitoka Bulgaria na tani kama 15 za shehena kwa ajili yao, ikarudishwa ilipofika Sudan. Tarehe 25 mwezi huo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano. Nyuma yake wakulima walibaki na maghala matupu.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, limepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps. Mfanyabiashara anayefunga mzigo pale kwa safari ya Masasi aanze na daftari: nauli, upakiaji, maji, posho ya wabebaji. Faida ihesabiwe baada ya hayo yote kulipwa.