Mtoto Anakumbuka, au Ameambiwa?

  Leo tunazungumzia kumbukumbu, hasa kumbukumbu za watoto.

Pengine umewahi kubishana na dada yako juu ya mambo ya utotoni. Wewe unakumbuka vizuri ulivyoumwa na mbwa wa jirani. Dada anacheka: "Si wewe, ni mimi! Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni." Hukusema uongo. Uliisikia hadithi hiyo mara nyingi jikoni, ukaiona akilini, mwishowe ikawa yako.

Kwa nini hutokea hivyo? Wengi hufikiri kwamba akili huweka mambo kama picha kwenye albamu. Sivyo. Kila tunapokumbuka, ubongo huunganisha upya vipande vilivyobaki. Penye pengo, huziba kwa yale tuliyosikia, tuliyodhani au tuliyoulizwa. Baada ya muda hausahihishi tena kipande kipi kilitoka wapi. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwa moyo safi juu ya jambo ambalo halikutokea.

Mwaka 1974, wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, walichapisha uchunguzi wao. Wanafunzi walionyeshwa filamu ya ajali ya magari. Kundi la watu 50 liliulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana". Kundi lingine la 50 liliulizwa "yalipopondana". Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Hata hivyo, katika kundi la kwanza 7 walisema waliviona. Katika kundi la pili, 16. Tofauti ilikuwa neno moja tu katika swali!

Ikiwa watu wazima hukosea hivyo, je, mtoto wa miaka minne? Yeye huamini kwamba mama anajua kila kitu. Ukimwuliza jambo lile lile mara tatu, hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, akalibadilisha ili akufurahishe.

Sasa fikiria mtoto amerudi nyumbani akilia, nawe unashuku kuwa ameguswa vibaya. Moyo unakupiga. Unataka kusema, "Ni mjomba, sivyo? Alikuvua nguo?" Mama, ngoja kwanza. Ukimlisha maneno, asiye na hatia anaweza kushtakiwa. Au aliyemdhuru kweli anaweza kuachiliwa, kwa kuwa maneno ya mtoto yamechanganyika na yako.

Fanya hivi:

- Tulia, uketi naye mahali penye faragha.
- Mwambie, "Nieleze ilivyokuwa." Akinyamaza, sema, "Halafu?" Usimtajie jina la mtu wala kitendo.
- Usimgombeze, wala usimwahidi zawadi ili aseme.
- Usimwite shangazi au jirani ili mtoto arudie maelezo.
- Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa.
- Akisema ameguswa, au ukiona dalili, usimwoshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzishwa kabla ya saa 72 kupita.
- Toa ripoti kwa polisi. Unaweza pia kupiga simu ya watoto, nambari 116, bila malipo.

Mama, hatusemi kwamba watoto ni waongo. Mtoto anaposimulia mwenyewe, kwa maneno yake, mara nyingi anaeleza yaliyompata. Mwamini, na umwambie kwamba si kosa lake. Kazi yako ni kumsikiliza na kumfikisha kwenye usaidizi. Maswali ya kina waachie waliofunzwa kuyauliza.