Kadi za Michoro za Zamani Zirudi Kiwandani

Kompyuta inayohariri video za harusi na matanga katika studio ndogo za Bumala au Busia mjini mara nyingi ni ya mtumba, iliyomaliza utumishi wake katika ofisi ya ng'ambo. Kasha lake ni jembamba, na pawa iliyomo ni ya wati 240 hivi, bila waya wa kulishia kadi kubwa ya michoro. Kadi ya RTX 5060 iliyotoka 2025 hula wati 145 na hudai waya wake, kwa hiyo anayeitaka atabadilisha pawa, pengine na kasha zima. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hutosheka na wati 75 zinazopita kwenye bodi yenyewe: fundi huichomeka, hufunga kifuniko, kazi ikaendelea. Ndiyo maana swali la kama viwanda virudie kutengeneza kadi za zamani haliwahusu wacheza gemu wa Marekani peke yao. Linagusa riziki ya watu wa Bumala na Busia, na mimi nasema virudie.

Wala si jambo geni. Mwaka 2021, uhaba wa chipu na wachimbaji wa sarafu za kidijitali walipokausha maduka, kampuni ya Nvidia iliirudisha 1050 Ti sokoni, na Desemba ikatoa upya RTX 2060 ya mwaka 2019, safari hii ikiwa na kumbukumbu ya GB 12. Februari 2024 ikaja RTX 3050 ya GB 6, yenye usanifu wa 2020 na inayokula wati 70 tu. Kadi ya namna hiyo ndiyo ninayoitetea.

Kadi halisi za bei nafuu zikikosekana, bandia huingia. Chipu za mwaka 2010 au 2011 huandikiwa upya programu ya ndani ili zijitangaze kuwa 1050 Ti, zikabandikwa stika mpya. Zitazame kwa nyuma: chipu ya 1050 Ti haitoi ishara ya VGA, kwa hiyo ukiona tundu la bluu la pini 15, tia shaka. Maskini mnunuzi huling'amua hilo video ikiwa tayari imekwama na mwenye harusi anapiga simu.

Wapo wanaosema kadi mpya hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila wati. Ni kweli, lakini ufanisi huo haumfai mtu ambaye pawa yake haiwezi kuiwasha. Wengine wanahofia taka za kielektroniki. Mimi naona kadi ndogo inayoipa kompyuta nzima miaka mingine huzipunguza. Hoja nzito ni ya programu za kuendeshea kadi: Oktoba 2025 Nvidia ilikoma kutoa maboresho ya kawaida kwa kizazi cha 1050 Ti, ikabakiza ya usalama hadi 2028. Kwa sababu hiyo siombi 1050 Ti yenyewe irudi. Naomba ya kizazi cha 2020, isiyozidi wati 75, yenye ahadi ya miaka ya maboresho iliyochapishwa kwenye boksi. Isiyo na ahadi hiyo isitengenezwe. Nawe msomaji, hadi siku hiyo, usilipe kabla fundi hajaichomeka kadi na kuifungua programu ya GPU-Z mbele yako. Ni ya bure, na kadi nyingi bandia huziumbua.