Faida ya kiatu iko kwenye kona

Katika karakana za ngozi za Kariokor, Nairobi, fundi hodari utamjua akifika kwenye kona. Kwenye mstari ulionyooka cherehani hukimbia tu. Ikikaribia ncha ya kiatu au mdomo wa pochi, anaacha pedeli na kuzungusha gurudumu kwa mkono: sindano ikiwa imezama, anainua mguu wa cherehani, anageuza ngozi kidogo, anashusha, anapiga mshono mmoja, kisha anarudia.

Uangalifu huo una sababu yake. Kitambaa kikikosewa hufumuliwa, lakini tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki, na ngozi ndiyo mali ghafi ya gharama. Kufupisha mishono husaidia kupinda vizuri, ila ikisongamana mno, matundu yanaifanya ngozi ichanike kama stempu.

Wengi huanza na cherehani ya kiraka. Maarufu zaidi ni Singer 29K, iliyotengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980; zilizobaki bado zinafanya kazi, na za Kichina za kuzungusha kwa mkono zinafuata mtindo uleule. Mguu wake ndio unaovuta ngozi, tena unageuka pande zote, kwa hiyo kona haziusumbui. Lakini bobini yake ni ndogo, uzi unaisha upesi, na urefu wa mishono hauwi sawa. Kwa kutengeneza viatu vilivyochakaa inatosha kabisa. Kwa oda ya viatu vipya vya shule, inamchelewesha fundi na kumshushia bei.

Kazi hiyo inataka cherehani ya nguzo. Sindano inashuka juu ya nguzo nyembamba, kiatu kilichokwisha kupata umbo kinaning'inia bila kugonga meza, na kijigurudumu kimechukua nafasi ya mguu mpana, hivyo fundi anauona ukingo anaoufuata. Bei yake ni kubwa kwa karakana ya watu wawili watatu.

Kwa maoni yangu, mwenye mtaji mdogo aanze kwa kubadilisha mota ya cherehani yake. Ile ya klachi huondoka kwa kishindo. Ya servo hutambaa polepole hadi mshono mmoja, na hula umeme hasa inaposhona. Cherehani ya nguzo yenyewe inunuliwe kwa kikundi: karakana kadhaa zipeleke kona zao kwa fundi mmoja, zimlipe kwa jozi, na mishono iliyonyooka kila mmoja aimalizie kwake.