Hamira Ndiyo Mpishi

Wengi wapikao bia nyumbani, ladha isipowapendeza, hukilaumu kimea au hopu, yaani yale maua makavu yatiayo bia uchungu na harufu. Hamira huisahau. Kumbe mpishi hutengeneza maji matamu tu. Kiyageuzacho kuwa bia ni hamira, na kila hamira ina tabia yake.

Jambo hili huonekana wazi katika IPA, bia yenye hopu nyingi ambayo Waingereza waliipeleka India kwa merikebu. Katika miaka ya 1820 watengenezaji wa Burton walianza kushindania soko hilo na Hodgson wa London. Siku hizo hamira ilikuwa mchanganyiko wa aina nyingi. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza hamira safi kutokana na chembe moja. Ndipo ikawezekana kuchagua.

Anayetaka kuzilinganisha hamira hana budi kuzitendea haki. Apike mara moja lita 15, ayapoze maji hayo, kisha ayagawe katika vyombo vitatu vilivyosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kimea na hopu viwe vile vile; kila hamira ipewe joto linaloifaa.

Chombo cha kwanza kitiwe hamira ya Kimarekani. Katika joto la nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi hii hula sukari nyingi, ikaacha bia kavu, na uchungu wa hopu husikika bila kizuizi. Cha pili kitiwe ya Kiingereza. Hii hubakiza utamu kidogo, hutoa harufu ya matunda, na aghalabu hutuama upesi. Cha tatu kitiwe kveik, ambayo wakulima wa Norway waliikausha na kurithishana kizazi kwa kizazi. Yenyewe hupenda nyuzi 30 hadi 40, na aina nyingine hunukia machungwa.

Hapo pana funzo kwa wakaao penye joto wasio na jokofu. Zile mbili za kwanza, zikiachwa katika nyuzi 30, hutoa ukali uwakao kooni, kveik hustawi. Afadhali kuchagua hamira ipatanayo na chumba kuliko kushindana na jua.

Bia isitiwe chupani kwa pupa. Kipimo cha uzito wake kisome namba ile ile kwa siku tatu mfululizo, kwani sukari iliyosalia huendelea kuchacha, na chupa huweza kupasuka na kumjeruhi mtu.

Mwisho, bilauri zitiwe namba, na waonjaji wasiambiwe ipi ni ipi. Ulimi uliokwisha kusikia jina la hamira huonja jina, wala si bia.